Spika za ukumbini au spika za sebuleni: ipi ifungwe kwenye boksi la nyumbani?

Mtu anayetaka kujitengenezea spika za sebuleni, au anayetaka kumkabidhi fundi kazi hiyo, hufika mahali akalazimika kuchagua kati ya koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa spika zilizobuniwa kwa ajili ya nyumba: inchi 5, inchi 6 na nusu, mara chache inchi 8, zenye ukingo wa mpira laini na koni inayosogea kwa ulegevu ukiibonyeza kwa vidole, pamoja na twita (spika ndogo ya sauti za juu) ya kuba la kitambaa yenye upana wa sarafu. Ukoo wa pili ni wa spika za ukumbini: inchi 10, 12 na 15, zenye sumaku nzito, koni ya karatasi ngumu na ukingo wa kitambaa kilichokunjwa mithili ya kodiani, ndizo hizo zinazofungwa kwenye maboksi ya harusi, ya makanisa na ya vigodoro. Wengi waliowahi kusimama mbele ya mziki mnene wakahisi ngoma ikiwagonga kifuani hutamani kitu kile kile nyumbani kwao, na hujiuliza kama kuipeleka spika ya ukumbini sebuleni ni werevu au ni kununua lori la kubebea kikapu cha sokoni.

Jibu langu, baada ya kufunga za koo zote mbili, ni kwamba spika ya ukumbini inaweza kuishinda ya nyumbani ndani ya sebule kwa mambo ambayo wanunuzi wengi hawayafikirii, lakini hushindwa katika jambo lile lile ambalo wengi huinunulia, yaani besi ya chini kabisa.

Ili tulinganishe vitu vinavyoshikika, nitachukua jozi mbili. Jozi ya kwanza ina spika ya nyumbani ya inchi 6 na nusu na twita ya kuba ya milimita 25, katika boksi la lita 18 hivi lenye bomba la besi, yaani tundu la hewa linalosaidia sauti nzito. Jozi ya pili ina spika ya ukumbini ya inchi 12 na draiva ya honi (kifaa cha sauti za juu kinachopuliza kwenye tarumbeta) yenye mdomo wa inchi 1, katika boksi la lita 60, nalo lenye bomba. Sebule ina mita 4 kwa 5, na kochi liko mita 3 kutoka kwenye maboksi.

Wati zilizoandikwa kwenye sumaku

Kitu cha kwanza ambacho mnunuzi hutazama ni karatasi iliyobandikwa nyuma ya sumaku: wati 300, wati 600, wati 1000. Namba hiyo, hata inapokuwa ya kweli, haisemi spika ina sauti kiasi gani. Inasema koili, yaani waya uliosokotwa unaoisukuma koni, inaweza kuvumilia umeme kiasi gani kabla ya kuungua. Ukubwa wa sauti unasemwa na namba nyingine, ambayo kwenye karatasi ya vipimo huandikwa kwa desibeli, nayo ni sauti inayotoka spika inapopewa wati 1 na kupimwa umbali wa mita 1. Spika ya nyumbani ya inchi 6 na nusu kwa kawaida hutoa kati ya desibeli 84 na 89, wakati ya ukumbini ya inchi 12 hutoa kati ya 95 na 99. Nitachukua 86 kwa jozi ya kwanza na 97 kwa jozi ya pili.

Tofauti ya desibeli 11 haitishi ikiwa kwenye karatasi, lakini kila desibeli 3 zinadai umeme mara mbili na kila desibeli 10 zinadai mara kumi, kwa hiyo 11 ni zaidi ya mara 12. Kwa lugha nyingine, spika inayotoa desibeli 92 kwa wati moja inageuza takriban asilimia 1 ya umeme kuwa sauti, na asilimia 99 zinazobaki zinakuwa joto la kupasha koili. Ya desibeli 86 inageuza robo ya asilimia moja. Ya desibeli 97 inageuza kidogo zaidi ya asilimia 3, na kwa viwango vya spika huo ni utajiri mkubwa.

Tuipeleke hesabu hiyo kwenye kochi. Umbali wa mita 3 ndani ya chumba cha kawaida unapunguza takriban desibeli 6, na kuwa na spika mbili kunarudisha 3, kwa hiyo jozi ya kwanza inafikisha desibeli 83 masikioni kwa wati 1 kila upande, na jozi ya pili inafikisha 94. Mtu anayesikiliza kwa sauti ya wastani wa desibeli 80, yaani sauti ya kutosha ambayo bado inaruhusu mazungumzo ya kuinua koo kidogo, anahitaji nafasi ya desibeli 15 juu ya wastani huo kwa ajili ya mapigo ya ghafla ya ngoma, hivyo vilele vinafika 95. Jozi ya kwanza inavifikia kwa wati 16. Jozi ya pili inavifikia kwa wati moja na kidogo. Hapo bado hakuna sababu ya kununua spika ya ukumbini, kwa kuwa amplifaya yoyote ya maana ina wati 16. Lakini mtu huyo huyo akipandisha wastani hadi desibeli 90 Jumamosi jioni wageni wakiwepo, vilele vinafika 105. Jozi ya kwanza sasa inadai wati 158 kila upande, ambazo koili yake ndogo yenye kipenyo cha milimita 25 au 38 inazipokea kwa manung'uniko, na jozi ya pili inadai wati 13.

Manung'uniko hayo yana sababu inayojulikana. Ukinzani wa waya wa shaba huongezeka kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo koili iliyopata joto la nyuzi 100 zaidi ya lile la kuanzia ina ukinzani ulioongezeka kwa asilimia 40 hivi, na sauti yake inashuka kwa karibu desibeli 3 ingawa hakuna aliyegusa kitufe. Msikilizaji huhisi muziki umeanza kubanwa, akaongeza sauti, na joto likaongezeka. Koili ya ukumbini yenye kipenyo cha milimita 65 au 75, ikipewa zile wati 13 zake, haijui kama imefanya kazi. Hiki ndicho kitu ambacho watu wanakisikia bila kukijua jina wanaposema kwamba spika ya ukumbini "inapumua": ngoma inapigwa, inatoka nzima, na inanyamaza kwa wakati wake.

Wapo ambao hesabu hii inawahusu kuliko wengine wote, nao ni wanaotumia umeme wa jua. Amplifaya ndogo inayokula volti 12 za betri moja kwa moja, bila kifaa cha kupandisha volti, hata ikiunganishwa kwa mtindo wa daraja (njia zake mbili zikisukuma spika moja) haiwezi kutoa zaidi ya wati 9 safi kwenye spika ya omu 8. Kwa wati hizo jozi ya kwanza inafika desibeli 92 kwenye kochi na kuanza kukwaruza. Jozi ya pili inafika 103. Kwa nyumba isiyo na gridi, spika ya ukumbini ni sawa na kuongezewa betri ambazo hukuzinunua.

Upande wa pili wa sarafu ni kelele ya amplifaya. Ule mvumo wa "shhh" ambao jozi ya kwanza inauficha, jozi ya pili inautoa hadharani kwa desibeli 11 zaidi, na usiku mtaa ukiwa umetulia utausikia ukiwa umekaa kwenye kochi. Amplifaya ya bei rahisi iliyovumilika kwa miaka kwenye spika za nyumbani inaweza kuwa kero siku ya kwanza tu ya kuhamia kwenye honi.

Zamani hazikuwa koo mbili

Spika ya koili, koni na sumaku tunayoitumia leo ilielezwa na Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric mwaka 1925, na kwa miaka mingi baada ya hapo, amplifaya za taa (valvu za kioo zilizotangulia transista) zikiwa na wati chache, spika ya sinema na ya nyumbani zote zililazimika kuwa na ufanisi mkubwa. Njia zilitengana mwaka 1954, pale Edgar Villchur wa Acoustic Research alipotoa AR-1, boksi dogo lililozibwa kabisa ambamo hewa iliyofungiwa ndiyo iliyofanya kazi ya springi ya koni, likatoa besi ambayo hapo kabla ilidai kabati zima. Mwaka 1958 santuri za stereo zikaingia madukani, kila nyumba ikahitaji maboksi mawili badala ya moja, na boksi dogo likashinda. Gharama yake ilikuwa ufanisi, na transista zilipofika zikaja kuilipa gharama hiyo kwa wati za bei nafuu.

Hata hivyo mlango kati ya koo hizi haukufungwa. Kampuni ya spika ya JBL walipotoa L100 mwaka 1970 kwa ajili ya sebule, walikuwa wameichukua spika yao ya studio, 4310, yenye koni ya inchi 12, wakaivalisha sura ya nyumbani. Kwa hiyo anayefikiria kufunga spika ya kazi nyumbani hafanyi jambo geni. Anafanya jambo lenye masharti.

Besi: pale inchi 12 inaposhindwa na inchi 6 na nusu

Sharti la kwanza lilielezwa na J. Anton Hofmann, mmoja wa watu watatu ambao herufi zao ziliunda jina la kampuni ya spika ya KLH: boksi dogo, besi ya chini na ufanisi mkubwa ni vitu vitatu ambavyo huwezi kuvipata vyote, utachagua viwili, na cha tatu utakilipa. Mbunifu wa spika ya nyumbani alichagua boksi dogo na besi ya chini. Mbunifu wa spika ya ukumbini alichagua ufanisi, akatengeneza koni nyepesi inayoshikiliwa kwa ukakamavu, kwa sababu alijua kwamba pembeni kutakuwa na maboksi mengine ya inchi 18 yaliyopewa kazi ya besi peke yake.

Matokeo yake huwashangaza wengi. Spika nzuri ya inchi 6 na nusu ya nyumbani ina mtetemo wake wa asili karibu na hezi 35 (hezi ni mitetemo kwa sekunde; namba ikiwa ndogo, sauti ni nzito), na ndani ya lita 18 inaweza kushuka hadi karibu hezi 42 kabla haijaanza kupungua kwa kiasi cha kusikika. Inchi 12 ya ukumbini ina mtetemo wake kati ya hezi 45 na 55, na ndani ya lita 60 huanza kupungua karibu hezi 55. Uzi mnene kuliko wote wa gitaa la besi la nyuzi nne unapopigwa wazi hutoa hezi 41. Maana yake ni kwamba boksi dogo linaufikia uzi ule, na boksi kubwa mara tatu yake linaishia njiani.

Nililijua jambo hili kwa kujigharimu mwenyewe. Nilikuwa na boksi la lita 45 lililobaki kutoka kazi nyingine, nikafunga humo spika ya ukumbini ya inchi 15 kwa hoja kwamba inchi 15 haiwezi kukosa besi. Nikaweka muziki wa dansi wenye gitaa la besi lililorekodiwa vizuri. Nota za juu zilitoka zimenyooka, kila moja na ncha yake, kiasi cha kunifanya nitabasamu. Kisha mpigaji akaanza kushuka kuelekea uzi mnene, na nota zikafifia moja baada ya moja, kama mtu anayeshuka ngazi huku akizima taa nyuma yake. Nikapandisha kitufe cha besi kwenye amplifaya; koni ikaanza kwenda mbele na nyuma kwa fujo, bomba likapuliza upepo wa kuinua pazia, na nota bado hazikuonekana. Ilikuwa lazima iwe hivyo, kwa kuwa chini ya masafa ambayo bomba limepimiwa, hewa ya boksi haimshikilii tena koni, na umeme unaoongezwa hapo unaishia kwenye kumchosha bila kumpa sauti.

Tusiionee lakini. Kati ya hezi 60 na 200, ambako ndiko linakokaa pigo la ngoma na sehemu kubwa ya mwili wa muziki, inchi 12 haina mshindani katika ulinganisho huu. Eneo la koni yake ni takriban sentimita 530 za mraba, na la inchi 6 na nusu ni 130. Kwa mwendo ule ule inasukuma hewa mara nne. Kile kishindo cha kifuani ambacho watu hukiita besi nzito mara nyingi kiko hapa, karibu na hezi 80, wala hakiko kule chini kwenye hezi 35. Anayesikiliza dansi, taarabu, kwaya au singeli anaweza kuishi miaka bila kujua kwamba amekosa sehemu ya chini. Anayetazama sinema zenye milipuko, au anayependa kinanda cha bomba na besi za kielektroniki, atajua siku ya kwanza.

Sauti ya kati, honi, na kosa linalorudiwa kila siku

Spika ikitangulia kupimwa kwa besi, sauti ya mwimbaji husahauliwa, ilhali ndiyo sikio linayoishika kwanza inapokosewa. Kuanzia hapa uchaguzi unategemea zaidi krosova (sehemu inayogawa sauti nzito kwa koni na za juu kwa twita au honi) na namna sehemu mbili zinavyokutana kuliko ukoo wa spika yenyewe.

Koni yoyote hutawanya sauti pande zote pale mawimbi yanapokuwa marefu kuliko kipenyo chake, na huanza kuielekeza mbele kama tochi pale yanapokuwa mafupi. Kwa inchi 12, yenye koni ya sentimita 26 hivi, mpaka huo uko karibu na hezi 1300. Kwa inchi 6 na nusu uko karibu na hezi 2600. Twita ya kuba ya nyumbani haipendi kufanya kazi chini ya hezi 2000. Ukiilazimisha inachafua sauti, na siku ya sherehe inaungua. Sasa mtu anayechukua inchi 12 ya ukumbini akaioanisha na twita ya nyumbani kwa kapasita moja, na boksi za aina hiyo zimejaa mitaani, anaacha pengo kati ya hezi 1300 na 2500 ambamo koni kubwa inamulika katikati tu. Aliyekaa katikati ya kochi anasikia mwimbaji akimpigia kelele puani. Aliyekaa kwenye kiti cha pembeni anamsikia mwimbaji yuko chumba cha pili. Zaidi ya hayo, twita yenyewe inatoa desibeli 90 kwa wati moja mbele ya koni inayotoa 97, kwa hiyo inamezwa. Kosa hili halirekebishwi na kitufe chochote.

Mwenza wa halali wa inchi 12 ni draiva ya honi inayoweza kuanzia hezi 1200 hadi 1500. Draiva hiyo ina shida iliyo kinyume: pamoja na honi yake hutoa karibu desibeli 107 kwa wati moja, yaani 10 zaidi ya koni, na ikiachwa hivyo, kila herufi "s" ya mwimbaji itachoma sikio. Inabidi ipunguzwe kwa resista mbili. Kwa draiva ya omu 8 na punguzo la desibeli 10, ni omu 5.5 mfululizo na omu 3.7 sambamba na draiva, za wati za kutosha. Pia honi nyingi zinazotawanya sauti kwa upana huanza kupoteza masafa ya juu, hivyo krosova inapaswa kuyarudishia kidogo. Nina hakika kwamba sehemu kubwa ya watu wanaosema "honi ni kelele" hawajawahi kusikia honi. Wamesikia honi ambayo hakuna aliyeipunguza.

Kazi hiyo ikishafanywa vizuri, jozi ya pili inampa mwenye nyumba kitu ambacho nyumba zetu nyingi zinakihitaji. Sebule ya sakafu ya vigae, kuta za tofali zilizopigwa rangi na madirisha makubwa ya vioo hurudisha sauti kama kisima. Piga kofi moja utausikia mwangwi ukikatika taratibu. Twita ya kuba hutapanya sauti juu, chini na pembeni, na sehemu kubwa ya unachosikia kwenye kochi imeshagonga dari na kuta. Honi ya pembe ya nyuzi 90 kwa upana na 60 kwa kimo inaelekeza sauti kwa wasikilizaji zaidi ya kuta, na maneno ya mwimbaji yanasikika bila kukazana. Katika chumba chenye zulia zito, mapazia na makochi ya kitambaa, faida hii hupungua sana, na hapo utulivu wa twita ya kuba, hasa kwa sauti ndogo ya usiku, hunivutia mimi zaidi. Umbali nao una neno lake: honi na koni kubwa huhitaji mita 2 na nusu au zaidi ili sauti zao ziungane. Kwa dawati la kompyuta au chumba cha kulala cha mita 3 kwa 3, nisingefikiria jozi ya pili hata kidogo.

Bado kuna mtego mmoja kwenye rafu ya ukumbini. Spika za gitaa za inchi 12 hufanana sana na za ukumbini, na nyingine zina majina makubwa, lakini zimebuniwa makusudi ziwe na nundu ya sauti karibu na hezi 3000 na kukatika baada ya 5000, kwa sababu ndiyo ladha ya gitaa la umeme. Kwa muziki wote mwingine ni ala, si spika.

Joto, chumvi na miaka

Mwaka jana nilifungua boksi la zamani la nyumbani lililokaa miaka karibu na dirisha linalotazama bahari. Nilipougusa ukingo wa koni, ambao ulikuwa wa povu, ulimeguka chini ya kidole kama ganda la karanga na kuacha unga mweusi unaonata. Koni ilikuwa inaning'inia kwenye spaida (kitambaa kinachoishikilia kwa nyuma) peke yake. Povu huliwa na unyevu, joto na mwanga wa jua, na pwani ina vyote vitatu. Ukingo wa mpira hudumu zaidi. Ukingo wa kitambaa kilichopakwa dawa, ambao ndio wa kawaida kwenye spika za ukumbini, huwa unabaki mzima wakati kila kitu kingine kimechoka. Fremu ya alumini ya kumimina nayo haioti kutu kama ya bati lililokunjwa, ingawa skrubu zake zitaota. Katika suala hili la uimara sioni hoja ya kuitetea spika ya nyumbani, isipokuwa kwamba ukingo mpya wa povu au mpira unaweza kununuliwa na kugundishwa na fundi mwenye mkono mtulivu.

Mbao na uzito

Maboksi mawili ya lita 60 yenye vipimo vya nje vya sentimita 40 kwa 60 kwa 35 yanakula karibu ubao mzima wa plaiwudi wa futi 8 kwa 4 wenye unene wa milimita 18. Maboksi mawili ya lita 18 hayafiki nusu ya ubao huo. Spika moja ya inchi 12 yenye sumaku ya kawaida ina kilo 5 hadi 8 kabla ya mbao. Anayepanga nyumba na kuhama kila mwaka alifikirie hilo, na pia amuulize mwenzake wa ndani kuhusu masanduku mawili ya ukubwa huo kando ya televisheni. Nimeona kazi nzuri ikirudishwa kwa fundi kwa sababu hiyo tu.

Ukiwa dukani

Kariakoo, Luthuli Avenue ya Nairobi, au popote penye rafu mbili, anza kwa kuuliza karatasi ya vipimo yenye namba tatu: Fs (mtetemo wa asili wa spika), Vas (ujazo wa hewa wenye ulegevu sawa na wa koni) na Qts (jinsi mtetemo wa koni unavyodhibitiwa). Kazi za Neville Thiele nchini Australia mwaka 1961, zilizoendelezwa na Richard Small katika miaka ya 1970, ndizo zilizotuwezesha kujua kwa namba hizo boksi litoshe lita ngapi na besi itaishia wapi kabla ya kukata ubao, na programu za bure kama WinISD hufanya hesabu yote kwa dakika chache. Spika ya wati 1000 isiyo na namba hizi, iwe ya ukoo wowote, ni ya kubahatisha.

Kisha pima kwa mikono. Mita iliyowekwa kwenye omu inapaswa kusoma kati ya 5.5 na 6.5 kwa spika ya omu 8. Bonyeza koni kwa vidole vilivyotandazwa sawasawa pande zote. Ikikwaruza, koili imepinda au imeshaungua. Gusa ncha zake kwa betri ya volti 1.5, chanya kwa chanya, koni inapaswa kuruka mbele. Fanya hivyo kwa zote mbili, kwa sababu jozi iliyounganishwa kinyume hupoteza besi na mtu akailaumu spika. Uzito mkubwa wa sumaku pekee si ushahidi, kwani zipo zinazogundishwa sumaku ya ziada isiyofanya kazi ili kipimo cha mkono kidanganyike.

Nani achukue ipi

Mwenye sebule ndogo yenye makochi na mazulia, umeme wa gridi, amplifaya ya wati 50 au zaidi, na anayesikiliza kwa sauti ya kuheshimu majirani, achukue jozi ya nyumbani. Atapata besi ya chini zaidi, boksi dogo, krosova rahisi, na hatakosa chochote atakachokitumia. Ningemwambia hivyo hata kama bei zingekuwa sawa.

Mwenye sebule kubwa yenye vigae, au varanda, au umeme wa jua, au aliye na amplifaya ndogo nzuri asiyotaka kuibadilisha, na hasa yule ambaye kwake muziki ni wa kuusikia kama upo mbele yake umekaa na vyombo vyake, achukue ya ukumbini. Lakini aichukue pamoja na draiva ya honi, na fedha ya krosova aitenge mapema badala ya kuigeuza kuwa masalia ya bajeti. Kama mfuko hautoshi vyote, ni bora kushuka kwenye inchi 10 au inchi 8 ya ukumbini kuliko kubaki na inchi 12 na kapasita moja. Inchi 8 ya ukumbini inayotoa desibeli 94 inakutana na honi kwa urahisi zaidi, karibu na hezi 1800, na inaingia kwenye boksi la lita 20.

Yeyote atakayechukua ya ukumbini akubali tangu mwanzo kwamba atanunua au kutengeneza sabufa yenye amplifaya yake, ya inchi 12 ya nyumbani, yenye koni nzito na mwendo mrefu, na kuipa kila kitu kilicho chini ya hezi 80. Spika ya ukumbini ikishaondolewa mzigo huo haihitaji tena lita 60. Inaweza kufungwa kwenye lita 30 zilizozibwa bila bomba, koni inatulia, na sauti ya kati inakuwa safi zaidi. Kitufe cha masafa kwenye sabufa kiwekwe 80, sauti yake ipandishwe polepole huku gitaa la besi likishuka kwenye uzi mnene, na isimamishwe pale nota ya mwisho inapokuwa na nguvu sawa na ya kwanza.